Nani ataandika SQL ofisini kwenu?

Swali: Shikamoo kaka. Mimi na wenzangu wawili tuna ofisi ndogo Sinza, Dar es Salaam. Tumepata kazi ya kutengeneza mfumo wa stoo na mauzo kwa mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi Gerezani, mwenye maduka matatu. Tunaandika programu kwa C#, na kanzidata yetu ni SQL Server. Mwenzangu mmoja anataka Entity Framework kwa sababu ndiyo tuliyofundishwa chuo. Mwingine anasema ni nzito mno, tutumie Dapper. Mimi nipo katikati, na ndiye ninayetakiwa kuamua wiki hii. Je, kuna zana nyepesi ya kuongea na kanzidata unayoishauri, na tutajuaje kama inatufaa?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu, na hongera kwa kazi. Kabla hujaamua kati ya hao wenzako, hebu tuliweke pembeni neno "nzito". Madevelopa tunalitumia ovyo. Kila kitu tusichokielewa kinafanya nini ndani tunakiita kizito, na kila tulichokiona jana kwenye video tunakiita chepesi.

Kazi yenyewe ni hii. Upande mmoja una majedwali yenye mistari na safu, upande wa pili una klasi zako za C#. Lazima kuwe na anayebeba data kutoka huku kwenda kule. Ukitumia ADO.NET mikono mitupu, ambayo ipo tangu .NET ilipotoka mwaka 2002, mbebaji ni wewe: unafungua muunganisho, unaandika kwiri (ombi kwa kanzidata), unaweka vigezo (thamani za kujaza ndani ya kwiri) kimoja kimoja, unasoma mstari, safu ya kwanza unaiweka kwenye Jina, ya pili kwenye Bei, unaangalia kama kuna NULL, yaani pasipo na thamani, unarudia. Jedwali la safu 30 linakupa mistari 30 ya msimbo wa kuchosha, na siku ukikosea namba ya safu, bei inaingia mahali pa kiasi.

ORM ni zana inayobeba data hiyo kwa niaba yako. ORM kamili kama Entity Framework inabeba mzigo huo na mingine. Inakuandikia SQL, yaani lugha ya kuiagiza kanzidata. Inakumbuka kila obijekti uliyoichukua ilikuwaje mwanzoni, na ukiita SaveChanges inalinganisha ya mwanzo na ya sasa, kisha inatunga yenyewe INSERT, UPDATE na DELETE (amri za kuongeza, kubadilisha na kufuta) zinazotakiwa. ORM nyepesi kama Dapper inabeba mzigo mmoja tu: wewe unaipa SQL na vigezo, yenyewe inakurudishia orodha ya obijekti. Ikishakurudishia haina habari nazo tena.

Kwa hiyo wenzako wanabishania mgawanyo wa kazi bila kujua. Mmoja anataka SQL iandikwe na mashine, mwingine anataka iandikwe na ninyi. Swali lako la wiki hii ni hilo, na haliwezi kujibiwa bila kuwatazama ninyi watatu mlivyo.

Historia kidogo, kwa sababu inasaidia kujua dawa ilitengenezwa kwa ugonjwa gani. Dapper ilitoka mwaka 2011 mikononi mwa Sam Saffron na Marc Gravell, wote wakiwa Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya madevelopa. Tovuti yao ilikuwa inatumia LINQ to SQL, ORM ya Microsoft, na kwa wingi wa watu waliokuwa wanafungua kurasa kila sekunde, muda ambao seva ilitumia kutafsiri kwiri na kujaza obijekti ulianza kuonekana. Wakaandika kitu kidogo kinachotunga msimbo wa kujaza obijekti mara ya kwanza, kinauhifadhi, na mara zinazofuata kinautumia tu. Mwaka huohuo zilitoka pia ORM nyepesi nyingine, Massive ya Rob Conery na PetaPoco, kwa kiu ileile. Sasa jiulize: mteja wako wa Gerezani ana maduka matatu. Hata siku ambayo watu wote wa Mbagala wameamua kuezeka, wauzaji wake hawatafikisha mzigo wa Stack Overflow. Sababu ya kasi ya kujaza obijekti ilikuwa ya haki kwao. Kwenu haina uzito wa kuamua jambo.

Mfumo mdogo wa biashara hupunguzwa kasi na safari nyingi kati ya programu na kanzidata. Ni sawa na kumtuma kijana kutoka Sinza mpaka Kariakoo akalete msumari mmoja, apande daladala arudi, kisha umtume tena alete wa pili. Hata kama anakimbia, foleni ni ileile. Tuseme mmeweka seva ya kanzidata Ulaya na programu ipo kwenye kompyuta ya dukani, na kila kwenda na kurudi ni milisekunde 150. Ripoti inayotuma kwiri 400 itachukua dakika nzima barabarani peke yake, kabla kanzidata haijafanya kazi yoyote. Kwiri moja yenye JOIN, yaani inayounganisha majedwali, ingelipa nauli hiyo mara moja tu.

Miaka kadhaa nyuma niliitwa na mfanyabiashara mmoja wa dawa za jumla. Ripoti yake ya madeni unaibonyeza, unaenda kunywa chai na chapati, ukirudi labda imefunguka. Vijana waliokuwa wanautunza mfumo waliapa kwamba tatizo ni Entity Framework na walikuwa wameshaanza kupanga kuandika upya kila kitu kwa Dapper. Nikawasha logi ya kwiri. Ilikuja kwiri moja ya kuleta invoisi, halafu kwa kila invoisi kwiri nyingine ya kuleta jina la mteja, na nyingine ya malipo yake. Logi ilikuwa inateremka kama mvua za masika. Tukakiondoa kile kitanzi, yaani msimbo uliokuwa unarudia kwiri kwa kila invoisi, tukaleta yote kwa kwiri moja, ripoti ikafunguka kabla chai haijamiminwa. Zana haikubadilishwa. Na nikiri hapa: miezi michache kabla ya hapo nilikuwa nimeandika kitanzi kilekile kwa mkono wangu, kwa Dapper, kwenye kazi nyingine. Zana nyepesi haikuzuii kumtuma kijana Kariakoo mara 400. Tofauti yake ni kwamba kila safari umeiandika mwenyewe, kwa hiyo ukiisoma faili unaiona.

Kuiona huko ndiko kunanifanya niipende Dapper kwa mfumo wa stoo. Chukua saruji. Duka moja limebakiwa na mifuko 40. Wauzaji wawili, kila mmoja na mteja wa mifuko 30, wanabonyeza Uza kwa sekunde moja. Mtu aliyezoea ORM kamili huandika hivi bila kufikiri: lete obijekti ya stoo, angalia kama kiasi kinatosha, toa 30, hifadhi. Wote wawili wamesoma 40. Wote wawili wamehifadhi 10. Mfumo unaonyesha imebaki mifuko 10 wakati mmeshaahidi 60 kutoka kwenye 40, na mzozo utakaofuata hautakuwa wa kompyuta, utakuwa wa mwenye kirikuu aliyefika kupakia. Ukiandika SQL mwenyewe, jambo zima ni hili:

UPDATE Stoo
SET Kiasi = Kiasi - @idadi
WHERE DukaId = @duka
AND BidhaaId = @bidhaa
AND Kiasi >= @idadi

Kanzidata inaufunga mstari ule wakati wa kuubadilisha. Muuzaji wa pili anasubiri kidogo, na zamu yake ikifika sharti linapimwa kwenye kiasi kipya, yaani 10. Halitimii, hakuna mstari unaoguswa. Execute ya Dapper inakurudishia idadi ya mistari iliyoguswa: ikiwa 1, umeuza, ikiwa 0, mwambie muuzaji mzigo hautoshi. Hakuna kusoma kwanza, kwa hiyo hakuna mwanya wa mtu kupenya katikati.

Nimtendee haki mwenzako wa Entity Framework: naye ana njia. Anaweza kuweka safu ya rowversion (alama inayobadilika kila mstari unapobadilishwa) ili mwenye kuhifadhi wa pili akataliwe, au kutumia ExecuteUpdate iliyokuja na EF Core 7 mwaka 2022 (EF Core ndiyo Entity Framework ya sasa), ambayo inatunga UPDATE inayofanana sana na hiyo ya juu. Lakini ili ajue kwamba anahitaji njia hizo, lazima kwanza awe ameiona SQL kichwani. Hapo ndipo ninapowakamata wanaosema wamechagua ORM ili wasijifunze SQL. Mtajifunza tu, tena siku mbaya, mteja akiwa amewasimamia mlangoni.

Basi fanyeni mtihani mdogo Jumamosi hii. Tengenezeni majedwali manne: Bidhaa, Maduka, Manunuzi, Mauzo. Kila mmoja peke yake, bila kuangaliziana, aandike kwiri ya kuonyesha salio la kila bidhaa kwa kila duka kufikia tarehe fulani, zikiwemo bidhaa ambazo hazijawahi kuuzwa. Inaonekana rahisi. Ina mitego miwili. Bidhaa zisizouzwa zitapotea ukitumia JOIN ya kawaida badala ya LEFT JOIN, inayobakiza mstari hata usipopata mwenzake, na ukiunganisha Manunuzi na Mauzo moja kwa moja kisha ukajumlisha, mistari itazidishana na salio litakuwa uongo mtupu: bidhaa iliyonunuliwa mara 3 na kuuzwa mara 5 itajumlishwa kwa mistari 15. Lazima kila upande ujumlishwe peke yake kwanza, ndipo uunganishe. Nitarudi kwenye matokeo ya mtihani huu chini.

Sasa mitego ya Dapper yenyewe, maana anayewauzia wepesi wake hatawaambia.

Mkubwa kuliko yote ni ukimya wake. Dapper inalinganisha jina la safu na jina la sifa ya klasi. Isipoliona jina, haisemi kitu. Inaacha thamani ya mwanzo. Tuseme kesho mtu anabadilisha safu ya Bei iwe BeiYaReja na kusahau kurekebisha klasi. Programu itafunguka vizuri, orodha itakuja vizuri, na kila bati litauzwa kwa shilingi 0. Tabia yangu ni kutaja safu moja moja kwenye SELECT, nikitumia AS pale majina yanapotofautiana, na kamwe SELECT yenye nyota. Ukiomba kwa jina safu ambayo haipo, SQL Server inapiga kelele palepale. Kelele ni rafiki yako.

Mtego wa pili umefichika zaidi, na umewahi kunila siku mbili. Maandishi ya C# ni Yunikodi, kwa hiyo Dapper huyatuma SQL Server kama nvarchar, aina ya maandishi ya Yunikodi. Kama namba zenu za bidhaa au za invoisi zimehifadhiwa kwenye safu ya varchar (aina nyingine ya maandishi) yenye faharasa ya kutafutia haraka, SQL Server inalinganisha aina mbili tofauti, na kanuni yake ni kwamba nvarchar ina daraja la juu. Inaigeuza safu yenu nzima badala ya kukigeuza kile kigezo kimoja. Kwa kolesheni (kanuni za kulinganisha herufi) nyingi zinazoanza na SQL_, hapo faharasa haitumiki kuruka moja kwa moja mpaka kwenye mstari; inasomwa yote, mwanzo mpaka mwisho. Jedwali likiwa na bidhaa 200 hamtaona kitu. Likifika mistari laki kadhaa ya mauzo, kutafuta invoisi moja kunaanza kukohoa, na ukiichukua kwiri ileile ukaiendesha kwenye Management Studio, programu ya kuendeshea kwiri za SQL Server, kwa thamani ya varchar inakuja mara moja, unabaki kujiuliza nani amekuroga. Tiba ni kutumia DbString yenye IsAnsi ikiwa true pamoja na urefu wa safu, au kuamua tangu siku ya kwanza kwamba safu zote za maandishi ni nvarchar. Kwa timu ya watu watatu chagueni hiyo ya pili, mlale.

Muamala nao una adabu yake. Mkiuza mnafanya mambo matatu: kuandika mauzo, kupunguza stoo, kuandika malipo. Ama yote yaingie ama yasiingie hata moja. Kwa Dapper mnauanzisha muamala wenyewe na kuukabidhi kwa kila Execute kama kigezo. Mkisahau kuukabidhi mkiwa kwenye muunganisho uleule, dereva wa SQL Server atakataa, kwa hiyo mtajua. Ajali ninayoikuta mara nyingi ni nyingine: ndani ya muamala mtu anaita fanksheni ya mwenzake, na fanksheni ile inafungua muunganisho wake mpya. Hapo malipo yanaandikwa nje ya muamala. Stoo ikigoma, mauzo yanarudishwa nyuma, malipo yanabaki, na mhasibu anakuta pesa isiyo na invoisi. Kubalianeni kwamba fanksheni yoyote inayoandika haifungui muunganisho, inapewa. Na msiombe risiti ya EFD wala kusubiri majibu ya malipo ya simu mkiwa ndani ya muamala. Mtandao wa mtu mwingine ukichelewa, kufuli mmeshika ninyi, na maduka yote matatu yanasimama.

Miunganisho ni kama sahani za mama lishe. Kwa kawaida SqlClient, dereva wa SQL Server, ina sahani 100 kwa kila programu. Kila aliyekula akirudisha, zinatosha kulisha mtaa. Ukifungua muunganisho wewe mwenyewe bila using, neno la C# linaloufunga ukimaliza, umeondoka na sahani. Mteja wa 101 atasubiri mpaka muda wa kusubiri uishe, kisha mtaletewa kosa linalosema miunganisho imekwisha, nanyi mtamlaumu SQL Server bure.

Mengine nayapitia haraka. Dapper ikikutana na orodha kwenye IN inaipanua iwe kigezo kimoja kwa kila kitu, na SQL Server haikubali kufikisha zaidi ya vigezo 2,100, kwa hiyo orodha ndefu ipelekwe kama jedwali. Query kwa kawaida inamimina matokeo yote kwenye kumbukumbu kabla ya kukupa. Kwa ripoti ya mwaka mzima inayokwenda Excel, weka buffered iwe false. Na thamani anayoandika mtumiaji isiunganishwe kamwe ndani ya maandishi ya SQL, hata kama ni kisanduku cha kutafutia tu. Jina la safu ya kupangia haliwezi kuwa kigezo, kwa hiyo liwe kwenye orodha mliyoiandika wenyewe, anayeleta jina jingine akataliwe.

Mkichagua Dapper mtakosa nini? Kwanza, migresheni. Entity Framework inalinganisha klasi zenu za sasa na picha yake iliyohifadhi ya zilivyokuwa kwenye migresheni iliyopita, na kuwatungia hatua za kubadilisha majedwali. Dapper haijui hata kama majedwali yapo. Mtahitaji kitu pembeni, nami hutumia DbUp: unaweka faili za SQL zenye namba, inaziendesha kwa mpangilio na kuandika kwenye jedwali la SchemaVersions zipi zimeshapita. Msije mkabadilisha majedwali kwa mkono kwenye kompyuta ya mteja. Mkiwa na duka moja mtakumbuka mlichofanya. La tatu mtakuwa mnabahatisha. Pili, fomu za kusajili. Ukurasa wa mteja wenye visanduku 25, kwa Entity Framework ni mistari michache. Kwa Dapper mtaandika INSERT na UPDATE ndefu za kupiga miayo. PetaPoco inapunguza hilo kwa sababu ina Insert, Update na ukurasishaji (kugawa orodha ndefu kwa kurasa) ndani yake, ila Dapper ina watu wengi zaidi wa kuwauliza, na kwa timu changa hilo nalihesabu. Mkisikia sifa za OrmLite ya ServiceStack, ni nzuri, lakini someni leseni yake kwanza: matumizi ya bure yana ukomo.

Msidhani pia upande wa pili hakuna mashimo. Mteja wenu anauza misumari kwa kilo na waya kwa mita. Kwenye SQL Server, EF Core ikikuta sifa ya decimal ambayo hukuitajia ukubwa, inaipa nafasi mbili tu baada ya nukta. Inatoa onyo kwenye logi ambalo hakuna anayelisoma, na kilo 0.125 inakatwa kimyakimya. Usiku wa kuhesabu stoo mwisho wa mwaka, misumari haitalingana na mtamsingizia mtunza stoo. Tajeni decimal(18,3) wenyewe, kwa zana yoyote. Na double, aina ya namba inayokadiria desimali, isikanyage kwenye pesa.

Turudi kwenye mtihani wa Jumamosi. Wawili kati yenu wakipata salio sahihi, chukueni Dapper na DbUp, mfumo mzima. Mfumo wa stoo na mauzo ni ripoti na hesabu kwa sehemu kubwa, fomu ni chache, na hiyo miayo ya INSERT mtaivumilia kwa wiki moja. Mtakachopata ni kwamba siku ripoti inaleta namba ya ajabu, mnafungua faili, mnanakili SQL, mnaiendesha mbele ya mteja, mnaona. Hakuna kubahatisha mashine ilitunga nini.

Akipata mmoja tu, msichukue Dapper. Nasema hivi nikijua mwenzako mmoja atanuna. Mfumo ambao SQL yake inasomwa na mtu mmoja una tarehe ya kufa: siku huyo mtu atakapopata kazi benki. Kaeni na EF Core, na stoo na ripoti kubwa mziandike kwa SQL kupitia mlango wake wenyewe. Tangu EF Core 8 ya mwaka 2023 SqlQuery inaweza kujaza klasi yoyote hata isiyo na jedwali, jambo ambalo zamani ndilo lililokuwa linatukimbiza kwenda Dapper. Kwa zile za kusoma tu mnazoiachia izitunge yenyewe, wekeni AsNoTracking ili isihangaike kukumbuka vitu ambavyo hamtavibadilisha. Baadaye mkiiva, mnaweza kuchukua muunganisho wa EF kwa GetDbConnection na kuipa Dapper palepale. Zinakaa nyumba moja bila ugomvi, mradi mnajua muamala ni wa nani.

Asipopata hata mmoja, ahirisheni uchaguzi wa zana. Chukueni wiki mbili za SQL kwanza. Mteja hatajua mlichelewa kwa ajili gani, na hizo wiki mbili mtazitumia kazini mpaka mzeeke.

Kwa wanaosoma hapa na hawatumii C#, hesabu ni ileile: PDO kwa wa PHP, JDBI au MyBatis kwa wa Java, sqlx kwa wa Go. Zote zinakuachia SQL mkononi, na zote zinafaa au hazifai kwa sababu zilezile.

Kuna jambo moja hukulitaja, nalo linanisumbua kuliko ORM. Seva itakaa wapi? Mfanyabiashara wa Gerezani huenda atataka SQL Server Express kwa sababu ni ya bure, iwekwe kwenye kompyuta ya nyuma ya kaunta. Mpaka toleo la 2022 Express inakubali GB 10 kwa kanzidata moja, inatosha kwa muda mrefu kama hamhifadhi picha za bidhaa ndani yake. Lakini maduka mengine mawili yataifikiaje, na umeme ukikatika? Ikiwa mtaiweka kwenye wingu, saa ya seva mara nyingi ni ya UTC, saa ya kimataifa, ambayo ni saa tatu nyuma yetu, kwa hiyo "leo" ya seva inaanza saa tisa usiku kwa saa za Dar es Salaam. Kwa mauzo ya mchana hamtaiona kasoro. Mtaiona ule usiku wa kuhesabu stoo. Ulizeni hilo mapema, kisha uniletee jibu pamoja na ile kwiri ya salio, zote tatu kama zilivyoandikwa, bila kusahihishana.